Gunia la Sikio Moja

Ninayemwandika hapa ni Bi Sindano, binti wa Fundi Turubai, mjukuu wa Mama Mikeka. Mama Mikeka alisuka mkeka mmoja wakaulalia watoto wake tisa, mmoja baada ya mwingine, na wa tisa alipoota meno ukingo ulikuwa bado haujalegea. Fundi Turubai alishona mahema ya hospitali mwaka wa mafuriko, na hakuna hema lake lililovuja. Nayasema haya kwa sababu nililala ndani ya mojawapo. Bi Sindano mwenyewe ameshona magunia katika ghala la forodha miaka thelathini na mmoja. Ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, na tunakaa ua mmoja, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Gunia likipasuka wakati wa kupakua, au likifunguliwa na wakaguzi, yeye ndiye hulifunga upya kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani. Katika kila pembe ya juu huacha kishungi cha kushikia, ambacho wapagazi hukiita sikio. Gunia lina masikio mawili. Kwa Bi Sindano, gunia la sikio moja ni kama mtu aliyetoka nyumbani na kiatu kimoja.

Mwaka huo mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mahabusu. Ni dereva wa lori. Katika shehena ya ufuta aliyoibeba walikuta dawa za kulevya ndani ya magunia sita. Alisema hakujua. Wakamwambia kila dereva husema hivyo. Binti akarudi kwa mama yake na mtoto mkononi, na kwa miezi saba kesi ikawa inaahirishwa tu. Wapelelezi walijua mzigo ulikuwa ukipelekwa ng'ambo ya mpaka, lakini wenye mzigo hawajashikwa, na bila wao hapakuwa na wa kumsafisha dereva.

Ndipo shehena nyingine ya ufuta ikatua ghalani, kutoka kwa msafirishaji yule yule. Polisi wa nchi ilikotoka walikuwa wameshapiga simu: magunia manane si ufuta mtupu. Wakaja maafisa wa nchi tatu na mkalimani, wakakaa siku nzima katika ofisi ya ghala, na waliyoyakubaliana ni kwamba mzigo usikamatwe. Dawa zitolewe, uwekwe unga mwingine wa uzito ule ule, lori liendelee na safari, lifuatwe mpaka mlangoni kwa mpokeaji. Mkubwa wa wapelelezi wa kwetu alisema ukimshika punda, mwenye punda anakimbia.

Kasoro ilikuwa kushona. Askari wawili walijaribu. Bi Sindano alipoitwa akatazama kazi yao, akawauliza kama gunia walilishona au walilichoma kisu. Kisha akamwambia mkubwa wao waziwazi kwamba dereva aliyemfungia miezi saba ni mkwe wake.

"Najua, Mama," yule mkubwa akajibu. "Ndiyo maana najua utashona vizuri."

Bi Sindano akayapapasa yale manane. Mishono yote iliegemea upande usio wa kawaida. Aliyeyashona alikuwa wa mkono wa kushoto. Basi naye akashona kwa kushoto, polepole, akipitisha shazia katika matundu yale yale ya zamani. Ilimchukua asubuhi nzima. Jambo moja tu lilimkera: kila gunia kati ya hayo lilikuwa na sikio moja, la kushoto. Akasonya, akasema huyo fundi wao mvivu, akayatia yote sikio la pili. Maafisa wa nchi tatu walikuwa wamesimama hapo na hakuna aliyeona ubaya. Wakampongeza. Lori likaondoka alfajiri iliyofuata.

Mchana wa siku hiyo alikuwa barazani anamsuka mjukuu wake nywele, mimi nachambua mchele. Mikono yake ikasimama. Mtoto akauliza, "Bibi, imeisha?" Alinigeukia mimi.

"Wifi, mtu anayeshona mishono sawa vile hasahau sikio. Mara nane? Hakulisahau. Ile ni alama."

Nikamwambia pengine anajitia wasiwasi bure. Akasema masikio aliyoyatia yatamweka mume wa mwanawe gerezani. Wapokeaji wakikosa alama yao watajua mzigo umeguswa, watatoweka, na kesi itabaki na dereva peke yake. Alikuwa na haya, namjua. Miaka thelathini na mmoja hajaambiwa amekosea. Lakini alivaa viatu akaondoka, mtoto kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka kama kuku aliyenyeshewa. Nikamfuata.

Mkubwa wa wapelelezi alisikiliza akiwa ameshika kichwa. Hakumlaumu, alisema wote walikuwa na macho. Akapiga simu kwa wenzake wa upande wa pili. Lori lilikuwa linakaribia mzani wa mpakani. Wenzake wakauzima mzani, wakatangaza umeharibika, foleni ya malori ikasimama na madereva wakatukana wanavyojua. Dereva wa lori letu, ambaye naye hakujua kitu, aliitwa ofisini kukaguliwa karatasi. Ila hapo mzani palikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kushika sindano: mama mmoja wa forodha, asiyejua lugha yetu.

Basi wakashonana kwa simu. Bi Sindano anasema, mkalimani anageuza, mama yule anafanya, mkalimani anarudisha jibu. Apitishe kiganja juu ya mishono, inayoegemea upande wa pili ndiyo yenyewe. Asikate sikio la kulia, ufuta utamwagika; afungue mishono mitatu, alaze pembe, arudishe uzi katika matundu yale yale. Mkalimani, kijana wa watu, hajawahi kushona hata kifungo. Gunia la tatu likawa gumu, yule mama akasema kitu kwa ukali.

"Amesema nini?" Bi Sindano akauliza.

"Anauliza ni nani aliyekaza uzi namna hii, Mama."

"Mwambie ni mimi, na ana haki."

Dakika hamsini, yakaisha manane. Mzani ukapona.

Siku mbili baadaye, kwa mpokeaji, watu walipanda juu ya lori wakashusha magunia manane moja kwa moja bila kufungua hata moja, wakitazama pembe tu. Walishikwa wanne pamoja na mwenye mzigo. Katika simu yake kulikuwa na ujumbe kwamba dereva atafutwe yeyote asiyejua lolote. Karatasi ya ujumbe huo ilichukua wiki tano kufika mahakamani kwetu, mara yakosekana tafsiri, mara muhuri, lakini ilifika, na mkwe akaachiwa.

Alipokuja kumsalimia mama mkwe wake, mwembamba, shati linampwaya, aliinamisha kichwa akasema alitia sahihi karatasi ya mzigo bila kushuka kwenye lori. Bi Sindano hakumwambia pole wala hakumkaripia. Alikuwa ameshaomba ghalani magunia mawili, moja akalishona kwa kushoto na sikio moja, la pili kwa kulia na masikio mawili, akayaweka miguuni pa mkwe.

"Papasa, baba," akamwambia. "Leo utapapasa mpaka ujue hili lilishonwa kwa mkono upi. Jumatatu nenda kwenye maegesho ya malori ukawafundishe madereva wenzako, mmoja mmoja, na asiyeshuka kutazama asitie sahihi. Anza."