Pua ya Mlangoni

Wanafunzi walimwita Pua, na jina lenyewe alilipenda. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunzaji wa chumba cha anatomia, pale madaktari watarajiwa wanapojifunza kwa kupasua maiti zilizolowekwa formalini zisioze. Kila asubuhi alifungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi mbili ndefu. Mvuke ukiwa mkali, alifungua madirisha na kuwasha feni, darasa likasubiri nje. Ukiwa wa kawaida alisema "shwari", wakaingia. Kipimo kingine hakikuwepo. Jamani, chuo kizima, na maprofesa wake, kinategemea pua ya mtu mmoja!

Wageni walipotokwa machozi aliwatania kwamba wanamlilia marehemu wasiyemjua. Aliwaambia watazoea tu, mbona yeye hasikii tena harufu yoyote? Alijigamba hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyeshtuka, hata mwenyewe.

Mwaka huu alijiunga na darasa bintiye, kitinda mimba, mwenye pumu tangu utotoni. Pua alimwapia mkewe kwamba mtoto hatadhurika akiwa chini ya macho yake. Ndiyo maana Jumatatu ile alivuta pumzi tatu badala ya mbili. Shwari, akasema, akaenda zake stoo. Hakujua kwamba tangi la formalini la pembeni lilikuwa wazi tangu Ijumaa.

Ndani macho yaliwawasha na makoo yakawakaba, lakini walivumilia. Si Pua kasema shwari? Kila mmoja alidhani udhaifu ni wake. Binti naye hakutaka kumwaibisha baba, akajikaza mpaka akaanguka.

Pua alikuja mbio aliposikia makelele. Binti alikuwa anabebwa, midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga mluzi. Wenzake walijiziba nyuso kwa makoti, mmoja anatapika mlangoni. Yeye alisimama katikati ya chumba kile, kando ya tangi lililo wazi, anapumua vizuri tu.

Kwenye zahanati ya chuo, muuguzi alimwekea binti oksijeni, kisha akaona macho ya baba hayana hata chozi. Alilowesha pamba kwa spiriti, akamwambia afumbe macho na ataje harufu anayoisikia.

Pua alisubiri. "Bado hujaiweka?" akauliza.

Muuguzi akamwambia afumbue. Alipofumbua macho, pamba ilikuwa imemgusa mdomo wa juu. Akakaa sakafuni. Alikumbuka sufuria iliyoungua jikoni yeye akiwa pembeni anasoma gazeti, na mkewe alivyofoka. Ilikuwa mwaka juzi, au kabla? Na tangu siku hiyo, wangapi wameingia kwa neno lake? Alishika kichwa, hakuweza hata kulia.

Mchana binti alipata sauti. Akasogeza barakoa ya oksijeni kidogo.

"Baba, leo hukunusa?"

"Nilinusa, mwanangu," akasema. "Tena mara tatu."