Mama Alivyokaa Chini

Shuleni kwetu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, mchekeshaji ni mimi. Cheo nilijipa mwenyewe. Mwalimu wa klabu ya mdahalo alitufundisha kuwatazama watu machoni, kupaza sauti, na kunyamaza kidogo kabla ya neno zito. Vyote hivyo nikavitia kwenye utani.

Siku ya kikao cha wazazi nilipewa dakika tano za kuwachangamsha wageni. Mama alikaa mstari wa mbele. Wazazi wa kitongoji chetu walimchagua awasemee: masomo ya jioni yaishe mapema, maana wasichana wa kutwa, mdogo wangu akiwemo, hufika nyumbani giza limeingia. Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni, anauhutubia moshi. Mimi dirishani, nacheka.

Basi nikajifunga khanga ya kuazima, nikainama, nikapiga makofi polepole kama tunavyosalimia wakubwa huku Buha. "Mwidiwe!" Nikanyamaza. Nikawatazama machoni. Halafu nikakivuta Kiswahili kilekile cha jikoni: "Siye wazazi... tumekaa... tukasema tuje tuseme..."

Watu hoi. Walimu waliohamia kutoka mikoa mingine ndio walicheka zaidi.

"Haya, mwakilishi wa wazazi, karibu mama," mkuu wa shule akasema, anafuta miwani.

Mama akainuka. Viganja vyake vikasogeleana kwa salamu, vikasita. Nyuma mtu akaguna kwa kicheko.

"Mtoto ameshasema," mama akasema. Akakaa. Wakacheka tena, wakidhani naye anatania, kikao kikahamia kwenye sare.

Njiani nilisubiri anigombeze. Hata kofi ningelipokea. Akasema tu, "Kumbe ulikuwa unanisikiliza, baba. Hukuacha hata neno."

Jumatatu nikaenda ofisini kuyasema mwenyewe. Sijafungua mdomo, mkuu anatabasamu.

"Leo umekuja na kipi wewe?"

"Mwalimu, wasichana wanafika nyumbani gizani."

Akangoja. "Eeh, halafu?"

"Hakuna halafu, mwalimu. Ndiyo hiyo."

Akacheka kidogo, akinionea huruma kwa kichekesho kilichobuma, akarudi kwenye karatasi zake. Nilisimama pale nikitafuta sura ya mtu anayesema kweli. Sikuwa nayo.

Masomo ya jioni bado yanaisha saa kumi na mbili. Namngoja mdogo wangu getini, tunarudi wote. Juzi barua ya kikao kingine ilipoletwa, mama aliipitisha kwa jirani bila kuifungua.