Kikombe cha Saruji Kando ya Jenereta

Habari za kifo chake zilinipata mtaani Free Area, mkoba ukiwa begani kama kawaida yangu, nikingoja chai. "Yule mzee wa saruji ametuacha," mama wa kibanda aliniambia, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama niongezewe sukari. Nikaketi. Siku hizi nachoka haraka. Kila nikirudi Nakuru kuna mtu mmoja pungufu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nimebadilisha kazi mara nyingi. Msimu mmoja niliendesha lori la maji kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, ndani ya kreta iliyo juu ya mji, naye ndiye aliyesimamia saruji. Bomba la chuma likishateremshwa kisimani, saruji humwagwa kulizunguka, kisha mtambo wa kuchimba husimama hadi ishike. Kazi hiyo aliifanya kwanza kwenye visima vya mafuta baharini, ambako ukisahau kifaa hakuna duka la kukimbilia. Kwa hiyo bomba likiwa bado linashuka, yeye alikuwa ameshajaza matangi, amejaribu pampu na kukaza kila mpira wake. Vijana walimcheka, ati anajipanga kama bibi harusi. "Masaa yanapotelea hapa juu mkitafuta spana," aliwajibu. "Huko chini hakuna saa inapotea." Visima vyake viliisha mapema, na sikuwahi kumwona akikimbia.

Siku watu wa bwana harusi walipokuja kwake mtaani Section 58 kumposa binti yake, alikuwa amemwahidi atafika kabla wageni hawajala. Saruji ilimwagwa alfajiri. Desturi yao ilikuwa kutia kidogo ya saruji hiyo kwenye kikombe kama kipimo. Ya kikombe ikishika, uchimbaji unaendelea. Kabla ya adhuhuri msaidizi wake akamletea kikombe kigumu kama jiwe.

"Mzee, imeshika. Enda nyumbani kabla wageni wamalize mbuzi."

Alikizungusha mkononi. "Mbona iko na joto?"

"Tuliiweka kando ya jenereta. Tulitaka tu ufike mapema."

"Na huko chini mmepeleka jenereta gani?"

Hakufoka. Kisima kilikuwa bado kifupi, mwamba wake baridi, na saruji huko ingechelewa kushika. Wangechimba saruji ikiwa mbichi, bomba lingelegea, na siku moja mvuke ungepanda pembeni mwake, pale pale watu wanaposimama. Akavua koti alilokuwa ameshavaa, akaketi juu ya ndoo kungoja. Alipofika nyumbani wageni walikuwa wameshaaga, na binti yake hakumsemesha kwa muda mrefu.

Nimepitia kazi nyingi tangu hapo, na kote nimeona kinyume chake. Tunapoteza asubuhi nzima tukimtafuta mwenye ufunguo, halafu tunajaribu kuifidia jioni kwa kuharakisha kitu kisichokubali haraka. Lami inamwagwa udongo haujashindiliwa, watu wanahamia ghorofa ambayo bado inatoa maji ukutani. Inachosha kutazama.

Tulimzika Olenguruone, kwenye shamba lao. Wingu lilikuwa limetanda, na mchungaji akataka mashada yawekwe upesi juu ya saruji ya kaburi tupate kuondoka. Binti yake akapiga magoti, akabonyeza ukingo kwa kidole gumba.

"Bado, pastor," akasema. "Baba angengoja."

Akavuta kiti cha plastiki, akaketi. Nasi tukaketi. Muda wa kuokoa ni ule wa kabla ya kumwaga; ukishamwaga, unangoja.