Visigino vya Baba

Juzi nilikuwa sokoni Oyugis nikimtafutia binti yangu viatu vya mvua, nikapita mbele ya kibanda kilichotundika gambuti nyeusi juani. Harufu ya mpira uliopata joto ikanijia, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mwenye kibanda akauliza, "Namba ngapi, mama?" Niliondoka mikono mitupu. Naomba niwaeleze ninyi kwa nini, maana hata mume wangu sijawahi kumweleza vizuri.

Tulizaliwa pacha, mimi na dada yangu Adongo, katika nyumba ya walimu iliyokuwa nyuma ya shule ya msingi, si mbali na Ndhiwa. Mimi ndimi Apiyo, niliyetangulia. Sura zetu zilifanana mpaka majirani walikuwa wakitufunga nyuzi za rangi mkononi ili watujue, lakini tulipoanza kutembea nyuzi hazikuhitajika tena. Mimi nilikanyaga chini kama watu wote. Adongo alitembea kwa ncha za vidole, visigino vikiwa juu na mikono ameikunja kifuani, tangu asubuhi hadi anapolala. Mama alipotuosha miguu jioni, visigino vyangu vilikuwa vyeusi na vimepasuka. Vya Adongo vilikuwa laini kama vya mtoto wa wiki moja, na Mama alivishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Adongo hakuongea sana. Maneno yake mengi aliyatoa redioni. Mgeni akibisha hodi, Adongo alikimbia mlangoni kwa vidole vyake na kumkaribisha kwa sauti ya mtangazaji: "Na sasa, wapenzi wasikilizaji, ni matangazo ya vifo." Wageni wengi walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa akiugua kifua alirudi kwake bila hata kunywa chai.

Baba yetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ile. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na mwendo wake ulijulikana kila mahali. Alikanyaga kwa kisigino kwanza, kwa nguvu, ko, ko, ko, na darasa lililokuwa likipiga kelele lilinyamaza kabla hajafika mlangoni. Gwaride alilifundisha yeye mwenyewe. "Kisigino!" alikuwa akipaza sauti uwanjani. "Kisigino kwanza, halafu vidole!" Nilimwona kuwa mtu aliyejengwa kwa mbao ngumu, asiyeogopa chochote.

Tulipokuwa na miaka tisa, wakaja wageni kutoka ofisi ya elimu. Shule nzima ikapita mbele yao kwa gwaride. Ilipofika zamu ya darasa letu, Adongo alipita kwa vidole, mikono kifuani, akitabasamu peke yake. Mgeni mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Yawa, huyu naye anaogopa ardhi?" Wageni wakacheka, walimu wakacheka. Nilimtazama Baba. Naye alicheka kidogo, kisha akafuta paji la uso kwa leso ingawa hakukuwa na jua.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na gambuti nyeusi. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na sindano ya kushonea magunia, akashona mifuko miwili midogo, akaijaza mawe, akaifunga kwa waya nyuma ya kila gambuti, pale kwenye kisigino. Kuanzia siku hiyo, kila tulipotoka shule, Adongo alizivaa na kutembea kutoka langoni hadi jikoni, jikoni hadi langoni, mpaka Baba aseme basi. Mimi nilipewa kiti.

"Wewe ni pacha wake," Baba aliniambia. "Akiinua kisigino, niite."

Niliita. Sina budi kukiri kwamba mwanzoni niliita kwa furaha, kwa sababu nilikuwa sijawahi kupewa cheo chochote. "Baba, ameinua! Baba, tena!" Adongo hakulia. Alitafuna ukosi wa sare yake mpaka ukalowa, na alitoa sauti moja ya chini, kama nyuki ndani ya kopo. Wiki ya pili Mama alimvua soksi na ngozi ikatoka pamoja na soksi.

"Baba Apiyo, njoo uone," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Njoo uone miguu ya mtoto wako."

Baba alikuja, akaona, akageuza uso. "Weka dawa," alisema. "Wakimcheka leo ni utoto. Akiwa mtu mzima watasema ni mchawi. Unajua watu wanamfanya nini mchawi."

Mama alijua. Sote tulijua. Akaweka dawa.

Sabato iliyofuata Baba hakwenda kanisani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema tumbo linamsumbua. Kanisani, katikati ya ibada, Mama akakumbuka kwamba vijiko vya chakula cha pamoja vimebaki mezani nyumbani, akanituma. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilivua malapa yaliyojaa matope nje ya jikoni, nikaingia kwa mlango wa nyuma bila kishindo, nikasukuma pazia la sebuleni.

Baba alikuwa akitembea kuizunguka meza. Alikuwa peku. Alikuwa kwenye ncha za vidole, visigino vikiwa juu kabisa, na mikono ameikunja kifuani vilevile, vidole vya mikono vikicheza hewani. Alizunguka meza mara moja, mara mbili, haraka na kwa wepesi. Uso wake ulikuwa umelegea, bila mkunjo hata mmoja. Sikuwahi kuuona uso huo. Kwa dakika nzima nilidhani kuna mtu mwingine ndani ya nyumba yetu anayefanana na Baba.

Nadhani nilipumua kwa nguvu. Aligeuka. Visigino vyake vilianguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo, pwaa, na tukabaki tumetazamana.

Nilikuwa nimezoea kumwogopa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeniogopa mimi. Niliona wazi, kama unavyoona doa kwenye shati jeupe.

"Apiyo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umetumwa nini?"

"Vijiko."

Alinipa vijiko. "Usimwambie mtu," alisema. "Nakuomba." Baba hakuwahi kuniomba kitu maishani. Kisha akaongeza, akitazama mlango, "Baba yangu alinifunga vyuma. Vyuma vya plau. Mawe ni mepesi, unasikia? Mawe ni mepesi."

Nilirudi kanisani nikikimbia kwenye matope, na nilipoketi kando ya Adongo meno yalikuwa yakigongana. Mama aliuliza kama nimenyeshewa. Lakini chini ya mshtuko ule kulikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba gambuti zimekwisha. Mtu anayetembea hivyo mwenyewe atamfungaje mwingine mawe?

Jumatatu, tulipotoka shule, Baba alizileta gambuti, akapiga goti, akamvalisha Adongo. Hakunitazama. "Kaa kwenye kiti chako," aliniambia.

Nilikaa. Sikuita hata mara moja. Nilimtazama dada yangu akiburura mawe yale, na kesho yake, saa sita mchana, nilitoroka shuleni, nikazichukua gambuti chini ya kitanda, nikazitumbukiza chooni, moja baada ya nyingine. Ya pili ilikwama kidogo kwa sababu ya mawe. Niliisukuma kwa ufagio.

Jioni, tukiwa tunakula ugali na omena, Baba aliuliza ziko wapi. Mama alisema hajui. Adongo alisema kwa sauti ya redio kwamba taarifa kamili itatufikia baadaye. Baba akanigeukia. "Apiyo?"

Niliinamisha kichwa, nikatazama chini ya meza, nikaitazama miguu yake ndani ya viatu vyeusi vilivyong'aa. Niliitazama kwa muda mrefu, nikihakikisha anaona ninachokitazama. Nilikuwa na miaka tisa, na mpaka leo nashangaa ukatili ule niliutoa wapi.

Baba aliweka tonge chini. "Basi," alisema. "Tule."

Gambuti hazikununuliwa tena. Adongo alikua akitembea kwa vidole vyake, darasani, kisimani, kanisani. Watu walisema waliyosema, kisha wakachoka. Baba aliendelea kukanyaga ko, ko, ko, mpaka akastaafu, na tangu jioni ile alikanyaga hivyo hata ndani ya nyumba, hata peku, hata akienda kuzima taa.

Mwaka jana mashavu ya miguu ya Adongo yalianza kukaza na kumuuma. Baba akasema tutakwenda wote, tukampeleka Homa Bay kwa mtaalamu wa viungo, kijana mpole aliyemwambia kila kitu kabla ya kumgusa. Alitueleza kwamba watu wengi wenye usonji hutembea hivyo tangu utotoni, na wengine hadi ukubwani. Si ukaidi, wala si pepo. Kwa baadhi yao mwili hutulia wakikanyaga vile. Miguu ya Adongo ingehitaji kunyooshwa taratibu kila siku ili maumivu yapungue, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu kwa maumivu. Kisha akauliza, akiandika, "Kuna mwingine katika familia?"

Nilitazama ukuta. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimenyamaza, na ningeendelea.

"Mimi," alisema Baba.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kijana akauliza kwa upole kama anaweza kuona. Baba alivua viatu, akavua soksi, akashika ukingo wa kitanda. Akajaribu kuinua visigino. Magoti yalitetemeka, jasho likamtoka, visigino vikapanda upana wa kidole, vikarudi chini. Akajaribu tena.

"Imekataa," alisema. Akacheka kidogo, akaanza kutafuta soksi zake, na Adongo akamwokotea moja.

Nilitoka nje, nikasimama uani kati ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri. Kwa miaka yote ile nilijisifu moyoni kwamba nilimwokoa dada yangu, na ni kweli nilimwokoa. Sikuwahi kujiuliza Baba alikwenda wapi, baada ya Sabato ile, alipotaka kuinua visigino apumzike.