Ile ruble ya Kirusi yenye ukingo laini si feki, niliiharibu mimi huko Nizwa

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi si mtu wa kuandika. Huwa napita, nasoma, nacheka kidogo, naondoka zangu. Leo naandika kwa sababu nimechoka kunyamaza, na umri huu sina faida ya kuwadanganya. Yote haya yametokea.

Juzi dada mmoja wa Sur kaweka humu picha ya ruble ya fedha ya Kirusi, ile yenye mfalme mwenye ndevu. Kauliza, mbona ukingo wake ni laini, hauna alama ya kiwanda? Mkamjibu nyote kama mlioambizana: feki. Mmoja akamwambia ampe mtoto achezee.

Dada, usimpe mtoto. Hiyo sarafu naijua. Mkwaruzo ule juu ya sikio la mfalme naujua ulivyoingia.

Kwanza niwape somo, maana wengi humu mnatazama uso wa sarafu tu halafu mnahukumu.

Sarafu za shaba za Warusi wa zamani zina herufi za kiwanda chini au pembeni, mtu unaziona tu. Lakini ruble za fedha za mfalme wao wa mwisho, usoni hutapata kitu. Geuza, tazama ukingo. Pale pana maandishi yamezunguka, na mwisho wake pana mabano. Ndani ya mabano ukiona herufi mbili, hizo za msimamizi wa kiwanda cha Petersburg. Ukiona nyota moja, imechapwa Paris. Nyota mbili, Brussels. Warusi walizidiwa na kazi wakawapa wengine wawachapie. Basi.

Mimi haya nilikuja kuyajua nimeshaharibu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ruble mbili, aliletewa na mumewe kutoka Hija. Wanawe wawili, kila mmoja akampa moja: mama mkubwa, Bi Zuwena, na mama yangu, Bi Salma. Mfalme yule yule, mwaka ule ule. Ukiziweka kwenye sahani huwezi kujua ipi ya nani.

Tulipohama Unguja kuja Oman, mwanzo wa miaka ya sabini, walizishona zote mbili ndani ya mto mmoja wa sufi. Tumefika Sur, mto ukafunguliwa, imo moja. Ya pili imekwenda wapi, mpaka leo hakuna ajuaye. Nadhani mshono ulifumuka njiani.

Mama akasema iliyobaki ni yake. Bi Zuwena akasema ni yake, kwa sababu yake ina nyota ndogo mbili ukingoni, tangu utoto akizipapasa kwa kucha akitafuta usingizi. Mama akasema nyota gani, yeye hajapata kuona nyota. Akaifunga kitambaani, akaitia kifuani.

Mtaona ni jambo dogo. Wale watu walikuwa wameacha nyumba, wameacha makaburi ya wazee wao, wameacha kila kitu. Ile sarafu ndiyo mama yao waliyobaki naye.

Bi Zuwena akabaki Sur kwa jamaa za mumewe, sisi tukahamia Ibra. Kuanzia hapo wakawa wanakutana matangani tu. Wanapeana mkono, kila mmoja anatazama pembeni.

Sasa mimi.

Nikapata ukarani Nizwa. Mshahara wa kwanza nikasema nimfurahishe mama kwa Idi. Nikaichukua ile sarafu kwenye sanduku lake bila kumwambia, nikampelekea sonara mmoja wa sokoni Nizwa, mzee hodari, aizungushie pete ya fedha na kuitia kitanzi cha kupitishia mkufu. Kwa masonara wale sarafu ni mali ya kufanyia kazi, si ya kutazama. Ili pete ishike vizuri lazima ukingo upigwe tupa mpaka uwe laini. Alifanya hivyo mbele yangu, mimi nakunywa kahawa yake na tende. Vumbi la fedha likimwangukia mapajani akalikusanya kwa brashi.

Niliona yale maandishi yakiondoka. Wallahi niliyaona. Nikadhani ni uchafu wa zamani.

Siku ya Idi nikamvisha mama. Alishtuka. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ile pete ya fedha. Halafu akasema, "Mungu akupe kheri, mwanangu." Mimi nikaona amefurahi. Ujana.

Ikapita miaka. Pale Nizwa nilipanga chumba karibu na mwalimu mmoja wa Kimisri aliyekuwa akikusanya sarafu. Mtu mpole, ana lenzi na katalogi, kitabu cha sarafu kilichochakaa kinachofungwa kwa uzi. Jioni tulikuwa tunakaa naye, ndiye aliyenifundisha haya ya mabano na nyota. Alipotaja nyota mbili nilisimama.

Bi Zuwena hakuwa mwongo. Nyota zipo ulimwenguni.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Badala ya kufikiri kwanza, nikampelekea salamu binti yake Bi Zuwena, anaitwa Asya, kwamba sasa iko njia ya kujua sarafu ni ya nani, kitabu kinasema. Nilijiona mpatanishi. Jawabu likarudi upesi: mama mgonjwa, macho hayaoni vizuri, anasema lete aishike mwenyewe.

Ndipo nikaikumbuka ile tupa. 

Nikaenda Ibra kumwomba mama ile sarafu. Hakuuliza kitu, aliivua akanipa, akaendelea kuchambua mchele. Nikarudi Nizwa kwa sonara yule yule aifungue pete, nikitumaini pengine kimebaki japo kipande. Mkono wake ulikuwa umeshazeeka, chombo kikateleza, kikamkwaruza mfalme juu ya sikio. Pete ikatoka. Nilizungusha ukingo chini ya lenzi ya Mmisri mara tatu. Laini kote. Yule mwalimu akanishika bega.

Nikaenda Sur kusema kweli. Nataka mjue hivyo, niliondoka Nizwa nimekusudia kusema kweli. Njia nzima nimo nyuma ya pikapu nayapanga maneno.

Nimefika, Bi Zuwena kalala, Asya yuko kichwani pake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanyoosha mkono. Hakutaka maneno. Nikamtilia sarafu kiganjani.

Akapitisha kucha ya kidole gumba ukingoni. Pole pole, duara zima. Akarudia tena. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Si yangu," akasema. "Nimemdhulumu mdogo wangu miaka yote hii. Mwambie Salma anisamehe."

Nikafungua mdomo, wakuu. Nikaufunga.

Msiniulize kwa nini, nimejiuliza vya kutosha. Nilimwona uso umetulia, nikaona nikisema tupa namrudishia moto wake kifuani. Pengine ni woga tu. Siku hizi naamini ni woga.

Nikarudi Ibra. Mama akaniuliza, kasemaje? Nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa amesimama mlangoni, akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

"Zilikuwepo," akasema. "Nyota mbili. Nilizipapasa siku ile ile tuliyofungua mto."

 Akaendelea mwenyewe, sauti ndogo, kwamba alishindwa kuiachia. Dada yake alikuwa na mume na watu wake pale Sur, yeye ni mjane na mtoto mmoja, hana hata uzi wa mama yao. Alisema uwongo mara moja, halafu ukawa hauna mlango wa kutokea. Na siku ya Idi nilipomvisha, alijua ushahidi umekwisha. Alishukuru, na tangu siku ile akajichukia.

Nikamwambia twende. Akasema twende, nitamwambia mwenyewe.

Tumeingia tu, Bi Zuwena akajiinua kitandani, akamkumbatia mdogo wake, akamwomba radhi mbele ya wanawe wote.  Nilimtazama mama nikingoja. Akasema, "Nimekusamehe, dada." Halafu akalia mpaka ikabidi tumpe maji.

Bi Zuwena alipona. Wakaishi vizuri miaka mingine mingi, wakipikiana, wakitembeleana, wanacheka kama wasichana. Kila nikiwaona nilikuwa nafurahi, na ile tupa naikumbuka.

Mama aliondoka wa kwanza. Kabla hajafa akaniambia mpe Asya ile sarafu. Nikamwambia nimwambie nini? Akasema mwambie zawadi. Nikampa, nikasema zawadi. Bi Zuwena alikuwa hai bado, akawa anamsifu mama kwa ukarimu mpaka naye akaitwa. Allah awarehemu wote wawili.

Basi, dada wa Sur. Kama Asya ndiye bibi yako, na mkwaruzo ule hauwezi kunidanganya, msomee haya. Mwambie sarafu si feki na haikuwa zawadi. Ilikuwa ya mama yake tangu mwanzo, na mama yake aliomba msamaha kwa kosa lisilokuwa lake. Mimi nilikuwepo nikanyamaza.

Nilichojifunza mimi: kabla hujampelekea sonara kitu cha wazee, kipapase ukingo na uwaulize wenyewe wangali hai. Na neno la kweli likikufika mdomoni, liteme hapo hapo, maana baadaye utalibeba kama mimi, mgongo umeshakwisha.

Wenye sarafu zao leteni picha za ukingo, nitawasaidia kadiri macho yanavyonipa. Wenye kutaka kunisema pia semeni, nafasi ipo.

Lakini jawabu ninalolingoja ni la Asya peke yake.