Maman Niliyemukata mu Filme

Kama unataka hadithi ya kulalisha watoto, tafuta mutu mwingine. Hii ilinipata mimi mwenyewe, hapa Bukavu, wakati ya Wabeleji, na sikuwa nimekunywa kitu.

Lakini acha nianzie kwetu, kisiwa ya Idjwi. Nilikuwa mutoto, na mupira yetu ya ngozi ilipasuka siku ya mashindano. Tonton yangu, mujomba fundi wa viatu, alikuwa amelewa, basi nilichukua sindano yake nikashona mwenyewe. Tulifungwa mabao mingi, ile aibu siielezi leo. Ila padri mumoja alitafuta mahali nilishona, hakupaona. Akasema, «Hii mikono inafaa kazi yangu.» Njo namna niliingia mu sinema hapa Bukavu, mimi wa deuxième primaire, darasa ya pili tu.

Padri alikuwa anatengeneza filme za kuchekesha, zilionyeshwa mu kartier, mitaa ya watu weusi. Kazi yangu ilikuwa kukata vipande na kubandika, mpaka mutu asione mahali inaungana. Nilijua ile kazi, uniamini. Filme moja ilipata medali kule Bulaya, na padri akanipa medali mimi. Nilivaa hata nikienda sokoni. Watu wa mutaa ya Muhumba walinicheka: «Papa Medali, leo utakata nani?»

Basi, mu ile filme alikuwa apite maman mumoja wa kijiji ya Nyantende, jina yake Nsimire. Kupita tu, na muzigo ya ndizi mugongoni. Alikuwa na woga. Nikamutania: «Maman, ile iko ndizi, ama umebeba bwana yako?» Akacheka sana, akaangalia mu mashini ya kupiga picha. Na kwa kazi yetu, mwenye kuangalia mu mashini anakatwa. Nilimukata, na vile vipande tulichoma pamoja na takataka.

Kisha kupata medali, siku moja ya mvua, ilikuwa saa sita ya mchana, lakini mu chumba yangu ilikuwa usiku siku zote: madirisha imefunikwa, mulango nimetia komeo ili mwangaza isiingie. Nikageuka, nikaona Nsimire amekaa juu ya sanduku ya filme. Nguo yake iko kavu. Na mimi mupumbavu niliwaza nini? Niliwaza nani amemufungulia.

«Tonton,» akasema, «watoto yangu walikuja na miguu mpaka kwenye sinema, juu ya kuniona. Hawakuniona. Uliniweka wapi?»

«Maman, uliangalia mu mashini.»

«Na ningeangalia wapi? Njo wewe ulinichekesha.»

Wewe ungejibu nini? Mimi nilificha medali ndani ya shati, nikamudanganya: «Rudi kesho, nitakuonyesha.»

«Mimi sina kesho,» akasema. «Waonyeshe wao.»

Nikainama kutafuta taa. Nilipoinuka, hakukuwa mutu. Na komeo ilikuwa pale pale nilitia.

Kesho yake nilienda Nyantende. Bwana yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, njo kitu yenye iliniumiza. Akasema, «Maman ya watoto alikufa mbele ya filme yenu kuisha. Homa. Hatuna picha yake hata moja. Tulisema, basi, angalau iko mu sinema.» Mutoto wao wa mwisho, kasichana, hakumukumbuka. Akasimama mbele yangu, akauliza: «Papa, maman alikuwa anacheka namna gani?»

Mimi nilikuwa nimeona ile cheko mara mingi mu mashini yangu ya kukatia, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakuna mutu aliyeijua sawa mimi. Nikajibu: «Sijui.» Niliogopa wataniomba niwaonyeshe vile vipande.

Hata leo, kwenye ndoa, mutu akitoa mashini ya picha mimi natoka inje. Wajukuu wanasema muzee ana uchawi, waseme tu. Na wewe mwenye kupiga picha, nisikie: mbele ya kutupa sura ya mutu, ati amesimama mubaya, ati amecheka, uliza kwanza nani nyumbani anamutafuta.

Ile siku ya Nyantende, nilirudi muji jioni. Padri alikuwa mulangoni na filme mupya mukononi, akaniita kwa jina. Nikamusalimia, nikapita, nikashuka na barabara. Sikurudia pale tena.