Moto wa Kuomba

Kila asubuhi, kabla ya kuchukua jembe, Verdiane alitwaa kigae cha chungu na kuteremka kwa mama mkwe wake kuomba moto. Si kwamba jiko lake lilikosa makaa. Aliyazima mwenyewe kila jioni kwa kata ya maji, akasimama palepale mpaka moshi ukaisha. Wanawake wa kilima kile, upande wa Ngungu, walikuwa wamemcheka hadi wakachoka. Kiberiti kilipatikana sokoni. Hata Straton, mumewe, aliyeshinda mlangoni akisuka vikapu, alikuwa nacho mfukoni cha kuwashia kiko.

Mwaka 1957 Agathe, mdogo wa mwisho wa Straton, alikuwa karibu kuolewa. Alikuja kukaa na wifi yake ajifunze kazi za nyumba, na kila jioni aliona maji yakimwagwa juu ya moto mzima. Hakuthubutu kuuliza. Kisa chenyewe alikuwa amekisikia vipandevipande tangu utotoni.

Verdiane alipoolewa, miaka ile ya vita vya Wazungu, mke mpya hakuwa na jiko. Alipika kwa mama mkwe, kwenye chungu cha mama mkwe, chumvi ikipimwa kwa mkono wa mama mkwe. Siku ya kupewa jiko lake ilipowadia, Straton alimjengea kibanda cha kupikia, akakiezeka nyasi, akaleta mafiga matatu.

"Umeyatoa wapi?" akauliza mama yake, Mukagasana. "Kama ni mawe ya mutoni yatapasuka, yamutoboe bibi yako mupya macho."

"Ni ya kule juu, Mama."

"Basi leo umetumia kichwa."

Alasiri Mukagasana alileta moto kutoka jikoni kwake, akauweka katikati ya mafiga. Desturi ilitaka moto ule ulale na kuamka. Asubuhi mama mkwe angekuja kula maharage ya kwanza. Akikuta majivu baridi, bibi arusi angerudi kupika kwake mpaka mtama uvunwe tena.

"Na mimi sitaki urudi," Mukagasana alisema akitoka. "Unanimalizia chumvi."

Verdiane alicheka. Alipanga vyungu, akatundika kata, akazunguka na mwiko mkononi kuutafutia mahali. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na kitu alichoweza kukiita chake.

Jua lilikuwa bado halijashuka mvua ilipokuja. Ulianza upepo, yakafuata mawe ya mvua yaliyolaza majani ya maharage shambani. Nyasi za paa zilinyanyuka na maji yakaanza kuchuruzika juu ya mafiga. Verdiane alipiga magoti, akaufunika moto kwa chungu kipya, halafu kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, halafu kwa mgongo wake.

Nje, Straton alikuwa ameikumbatia nguzo ya pembeni, udongo uliolowa ukiiachia.

"Verdiane! Kuja tukamate nguzo! Iko inaanguka!"

"Ngoja! Moto iko inakufa!"

"Acha moto, kuja!"

"Kidogo tu, Straton!"

Alisikia mti ukivunjika. Hakuitwa tena.

Upande ule wa kibanda ulikuwa umeangukia nje, boriti ikamlalia Straton pajani. Majirani walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, wakiteleza matopeni, hadi kwa fundi wa kuunga mifupa. Mfupa uliunga vibaya. Straton hakulima tena kwenye mteremko.

Asubuhi ile Mukagasana alikuja kama desturi ilivyotaka. Aliinua chungu, akakuta makaa mekundu. Hakula kitu. Alikirudisha chungu mahali pake, akaketi kwenye matope akiwa amejishika kichwa.

Straton hakuuliza kamwe kwa nini mkewe hakutoka. Verdiane alilima mashamba yao yote peke yake, akayazoea. Kule kutoulizwa hakukuzoea.

Jioni ya kuamkia arusi yake, Agathe alikuwa akipepeta maharage karibu na jiko. Verdiane akachota maji kwa kata.

"Dada," Agathe akasema bila kuinua macho, "mama mukwe akiniletea moto, halafu mvua ije, nifanye nini?"

Verdiane alimwaga maji. Alingoja moshi uishe.

"Uache uzimike," alisema. "Utaomba mwingine."